Cheti cha Mwalimu na Historia Yake Katika Nchi Yetu

Mzazi ampelekapo mtoto wake shuleni asubuhi, hamwulizi mwalimu kama amefundishwa kazi yake. Humkabidhi mtoto, kisha huenda zake shambani. Mgonjwa akipewa dawa mbaya huona uchungu siku ile ile. Bali mtoto aliyefundishwa vibaya hajui, na mzazi wake hajui, mpaka miaka imekwisha pita na nafasi ya kutengeneza imepita nayo. Kwa hiyo tangu zamani amehitajiwa mtu wa tatu, asiye mzazi wala mwalimu, wa kusema, "Huyu anafaa." Ndugu wasomaji, huyo mtu wa tatu ndiye tunayetaka kueleza habari zake hapa Tanzania: jinsi alivyoanza, jinsi alivyolegea, na jinsi alivyorudi.

Hapo kwanza kazi hii ilikuwa ya misheni. Misheni ya Vyuo Vikuu ilifika Unguja mwaka 1864, na chuo chake cha Kiungani kikawalea vijana, wengi wao waliookolewa katika majahazi ya watumwa, wawe walimu na wahudumu wa Kanisa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na wengine wakafuata bara. Siku zile mwalimu hakuwa na haja ya karatasi ndefu. Mkuu wa chuo alimjua kwa jina na kwa tabia, na neno lake lilitosha. Huo ulikuwa uzuri wa desturi ile. Ubaya wake ni kwamba kila misheni ilikuwa na kipimo chake. Mahali pamoja mwalimu alisoma miaka mingi. Mahali pengine aliyejua kusoma kidogo na kuimba vizuri aliwekwa mbele ya watoto siku ya pili. Wadachi walipofungua shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, walipata humo makarani, maakida na walimu. Lakini shule nyingi za nchi zilibaki mikononi mwa misheni, na vipimo vilibaki vingi.

Kipimo kimoja kilianza kutafutwa baada ya Vita Kuu ya kwanza. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Mwafrika mmoja, Dakta James Aggrey wa Gold Coast. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ilitoa waraka juu ya elimu katika makoloni yake ya Afrika, ukasema kwamba serikali na misheni zishirikiane, na kwamba shule zikaguliwe. Hapa Tanganyika ikafuata sheria ya elimu ya Waafrika ya mwaka 1927. Tangu hapo shule iliyotaka msaada wa fedha ilipaswa kukubali kipimo cha serikali, na mwalimu wake awe na cheti kinachotambuliwa. Shule ndogo za makatekista vijijini zikabaki nje ya msaada huo. Hivyo twaona kwamba kanuni ya kwanza iliingia kwa mlango wa fedha: anayelipa ndiye aliyetaka kujua analipia nini.

Lakini waraka ule wa 1925 ulikuwa na shauri lingine, nasi twaona ni la thamani kuliko fedha. Ulitaka wawepo walimu wa kuzunguka, watakaokwenda shule hata shule kuwasaidia wenzao. Mfano wake ulitoka kusini mwa Marekani, ambako fedha za wakfu wa bibi mmoja, Anna Jeanes, zilikuwa zikiwalipa walimu wa namna hiyo katika shule za watu weusi. Mwaka 1925 shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, Kenya. Haikuchukua vijana wasiojua kazi. Ilichukua walimu waliokwisha fundisha, wakaja na wake zao, wakarudi kwao kuzitembelea shule za vijijini. Mkaguzi huuliza, "Umekosa wapi?" Mwalimu wa kuzunguka huuliza neno hilo hilo, kisha huvua koti na kulifundisha somo mwenyewe huku mwenziwe akitazama. Sheria yahitaji wote wawili.

Uhuru ulipofika, kazi ya kuunganisha iliendelea. Mwaka 1962 utumishi wa walimu wa serikali na wa misheni uliunganishwa kuwa mmoja. Kwa sheria ya mwaka 1969 serikali ilizichukua shule na vyuo vya misheni vilivyokuwa vikipata msaada wake. Mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Taifa. Basi mwalimu wa Kagera na mwalimu wa Mtwara waliweza kupimwa kwa mtihani mmoja. Mtu angedhani safari imekwisha.

Kumbe jaribu kubwa lilikuwa bado. Novemba 1974 chama cha TANU kilikutana Musoma, kikaazimia kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa shule aingie shuleni. Azimio lilikuwa la haki. Lakini watoto walikuja kama mvua za masika, na kufika mwaka 1980 waliokuwa katika shule za msingi walizidi milioni 3. Vyuo vilivyokuwapo havikuweza kutoa walimu wa kuwatosha. Ndipo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba. Wakafundisha na kujifunza kwa wakati mmoja, kwa masomo ya posta na ya redio, na mwisho wakakaa chuoni majuma machache. Kwa njia hii walipatikana walimu zaidi ya 35,000. Maji yakimwagika hayazoleki, wala hatuwezi kusema watoto wale wangengoja. Mtoto wa miaka saba hangoji chuo kijengwe.

Nasi tuandikao haya tulifundishwa na mwalimu mmoja wa kundi lile. Watu wa kijiji walimwita kwa herufi tatu za mpango ule, UPE, nao walikuwa wakimcheka. Alitufundisha kusoma, na kusoma tulijua. Lakini tulipofika kwenye hesabu za sehemu, aliandika jibu ubaoni, akalifuta, akaandika jingine, kisha akasema tuimbe. Mkaguzi hatukumwona mwaka ule. Baadaye tulisikia kwamba jioni mwalimu wetu alikuwa akienda nyumbani kwa mwenziwe aliyesoma chuoni, na daftari lake chini ya kwapa. Mwaka uliofuata alisimama mbele yetu akasema, "Wanangu, mwaka jana niliwarusha hapa kwa sababu mimi mwenyewe sikupajua. Leo tutaanza tena." Tukaanza tena, tukaelewa. Nani alimpa cheti siku ile? Hakuna. Lakini kama asingekuwako yule mwenziwe wa jioni, sisi tungalikuwa wapi?

Baadaye kamba ilikazwa. Sera ya elimu ya mwaka 1995 iliamuru kwamba atakaye cheti cha Daraja la A awe amemaliza kidato cha nne kwa daraja la tatu au zaidi. Sheria ya mwaka 1997 iliunda baraza la kusimamia elimu ya ufundi. Hata hivyo ada ya shule za msingi ilipoondolewa mwaka 2001, watoto walifurika tena, na mafunzo ya chuoni yakafupishwa kuwa mwaka mmoja, na mwaka wa pili mwanafunzi akaumalizia shuleni akifundisha. Mwaka 2018 ikatungwa sheria ya bodi ya taaluma ya walimu, ya kuwaandikisha na kuwapa leseni, kama waganga na wanasheria walivyo na bodi zao.

Tukiitazama njia hii yote, twaona jambo moja. Kila taifa lilipohitaji walimu wengi kwa haraka, kipimo kilishushwa mlangoni. Na haraka ilipopita, mlango ulifungwa kwa nguvu. Lakini mtoto hafundishwi mlangoni. Hufundishwa ndani, siku ya Jumatatu, mbele ya ubao, na huko ndiko kanuni ilikochelewa kufika. Cheti ni ahadi ya taifa kwa mtoto, na ahadi haitimizwi siku ya kutiwa sahihi. Basi leseni na ziwepo, na mitihani iwe migumu. Tena tusione haya kupimwa. Lakini kila shule ya mbali na ipate mtu wa kuitembelea, ajuaye kazi kuliko sisi na asiyekuja kutucheka. Na mpaka atakapofika, jirani yako mwenye daftari chini ya kwapa akibisha hodi jioni, mfungulie.