Lancia: Jina Lililohama Gari Lake

Ndugu msomaji, ikiwa uliwahi kutega sikio redioni siku za Pasaka, kufuata mashindano ya magari ya Safari nchini Kenya, bila shaka jina la Lancia si geni kwako. Mwaka 1988 Mwitaliano Miki Biasion alishinda kwa Lancia Delta, akarudia tena 1989, na mwaka 1991 akaja Juha Kankkunen wa Finland akashinda kwa gari hilo hilo. Na usidhani ushindi ule ulipatikana kwa wepesi. Tangu miaka ya sabini Waitaliano hao walikuwa wakija na kurudi mikono mitupu. Mwaka 1975 Sandro Munari alifika wa pili tu, nyuma ya Peugeot 504.

Lakini nyumba ya Lancia haikusimama kwa vumbi la mashindano. Ilisimama kwa kazi safi, na hapo ndipo penye kisa.

Vincenzo Lancia alizaliwa kaskazini mwa Italia mwaka 1881. Baba yake, aliyetajirika kwa vyakula vya makopo, alitaka mwanawe ashike hesabu. Kijana akaingia karakana moja ya Torino kuandika madaftari, na muda si muda akaonekana chini ya magari, mikono imejaa mafuta. Akawa dereva wa mashindano wa Fiat, na mwaka 1904 akashinda kombe la Coppa Florio. Mwaka 1906 yeye na mwenzake Claudio Fogolin wakaanzisha kiwanda chao.

Zama zile gari lilijengwa kama mkokoteni: chini fremu nzito ya chuma, na juu yake bodi iliyokazwa kwa boliti. Husimuliwa kwamba Lancia alipata fikra mpya kwa kutazama vyombo vya baharini. Wewe msomaji wa pwani huhitaji kuelezwa sana. Jahazi haliwekwi juu ya kitu kingine cha kulibeba. Mkuku, mataruma na mbao hushikana, na nguvu ya chombo imo katika umbo lake zima. Ndivyo alivyoijenga Lambda, iliyoonyeshwa mwaka 1922. Bodi ndiyo iliyokuwa fremu. Gari likawa jepesi, likakaa chini karibu na ardhi, na kila gurudumu la mbele likawa na springi yake peke yake, ili shimo la kulia lisisumbue gurudumu la kushoto. Leo karibu kila gari dogo ulionalo barabarani limejengwa kwa njia ya bodi inayojibeba yenyewe. Mimi naihesabu Lambda kuwa gari lililo kubwa kuliko magari mengi yaliyokuwa na dhahabu na ngozi ndani yake.

Vincenzo alifariki mwaka 1937. Kiwanda kiliendelea na ada yake, na mwaka 1950 kikatoa Aurelia, gari la kwanza kuuzwa kwa wingi likiwa na injini ya silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V. Kazi ya namna hii ni ghali, na Gianni, mwana wa Vincenzo, aliongeza gharama kwa kujitosa katika mashindano. Mwaka 1954 gari lake lilishinda Mille Miglia, likiendeshwa na Alberto Ascari. Mei 1955, huko Monaco, Ascari huyo alitumbukia baharini pamoja na gari lake, akaogelea akaokoka. Siku nne baadaye akafa Monza, akijaribu gari la Ferrari. Fedha za Lancia nazo zilikuwa zimekauka. Magari yake ya mashindano yakakabidhiwa Ferrari, na mwaka 1956 Fangio akachukua ubingwa wa dunia kwa magari hayo. Kiwanda kikauzwa kwa tajiri wa saruji, kisha mwaka 1969 kikamezwa na Fiat.

Wako wasemao kwamba mashindano ndiyo yaliyoiua Lancia. La mwaka 1955 nalikubali. La baadaye silikubali hata kidogo. Tazama: ilishinda ubingwa wa dunia wa watengenezaji wa magari ya rali mara 10, na sita kati ya hizo zilifuatana, 1987 hadi 1992. Sisahau damu iliyomwagika, maana Attilio Bettega alikufa Corsica tarehe 2 Mei 1985, na tarehe hiyo hiyo mwaka uliofuata, kisiwa hicho hicho, Henri Toivonen na Sergio Cresto wakaungua. Hata hivyo hasara ya jina ilitokea kwingine, mbele ya nyumba za wateja. Gari la Beta la miaka ya sabini liliingia kutu, hata chuma kinachobeba injini kikalika. Mwaka 1980 magazeti ya Uingereza yakalipigia kelele, na kampuni ikabidi iyanunue tena magari mengi ili yavunjwe. Mwaka 1994 Lancia ikaihama Uingereza kabisa. Kombe halizibi tundu la kutu.

Tena yakaja ya kuchekesha, kama si ya kuliza. Mwaka 2011 Fiat ilichukua magari ya Chrysler ya Amerika, ikayabandika nembo ya Lancia na kuyauza Ulaya. Thema, jina la heshima, likavishwa gari lililoundwa Kanada. Na Uingereza, ambako jina la Lancia lilikuwa limeharibika, Lancia zenyewe ziliuzwa kwa jina la Chrysler! Huyu kavaa kanzu ya yule, na yule kavaa ya huyu.

Kuanzia 2017 Lancia iliuzwa Italia peke yake, na gari lenyewe lilikuwa moja tu, Ypsilon dogo. Waitaliano wakazidi kulinunua. Mwaka 2024 ilitoka Ypsilon mpya, yenye taa za nyuma za mviringo kukumbusha Stratos, gari lile la Munari. Inaundwa Zaragoza, Hispania, na mifupa yake ni ya Peugeot 208.