Vijichembe vya Oksidi, Si Vumbi la Kutu

Tafsiri iliyochokoza makala haya ni "vumbi la kutu", ambayo waungwana fulani wa kamati ya istilahi wanataka iwe jina la zile chembe za oksidi za metali zinazojaribiwa siku hizi kwenye mimea ya chakula: za zinki, titani, seri na chuma, zenye upana wa kati ya nanomita 1 na 100. Ukiitazama harakaharaka utaisifu kwa Uswahili wake. Kutu ni oksidi ya chuma, vumbi ni kitu kidogo, nani atabisha? Atabisha mkulima wa maharage. Kwake yeye kutu ni ugonjwa: madoa ya kahawia juu ya majani, na ukiyapangusa kwa kidole unabaki na ungaunga ambao ndio mbegu za kuvu. Mwambie mtu wa Fizi, huku kwetu Kivu Kusini, kwamba wataalamu wananyunyizia maharage vumbi la kutu ili yastahimili ukame, naye atauliza, kwa haki kabisa, wataalamu hao wana kisa gani na maharage. Jina lililokwisha kukaliwa na ugonjwa halifai kuwekwa juu ya kopo la dawa. Isitoshe, oksidi ya zinki ni nyeupe, na ya titani ndiyo inayotiwa katika rangi nyeupe za ukuta. Ni kutu gani hiyo?

Tuiache kutu, tushike vumbi, maana hapo ndipo kosa la pili lilipojificha. Vumbi halihesabiki, kama unga usivyohesabika. Wanawake wa Nundu, hukohuko Fizi, watwange muhogo mara ngapi wapendavyo na kuuchekecha, watokacho nacho bado ni unga, na ugali wake ni uleule. Oksidi hizi sivyo zilivyo, kwa kuwa udogo wa kila chembe hubadilisha tabia ya kitu chenyewe. Mchemraba wenye upande wa sentimita 1 una eneo la nje la sentimita za mraba 6. Ukiukata wote kuwa michemraba ya nanomita 1, jumla ya eneo hilo inafika mita za mraba 6,000. Eneo hilo ndilo linaloshika mzizi na ndilo linaloyeyuka. Oksidi ya zinki huachia ioni za zinki, ambazo mmea unazihitaji katika vimeng'enya vyake vingi, vikiwamo vinavyozima oksijeni haribifu jua na ukame vinapoubana. Oksidi ya seri haiyeyuki kwa urahisi hivyo. Yenyewe hubadilika kati ya hali zake mbili za kikemia na kuizima oksijeni hiyo moja kwa moja. Kipimo kikizidi, mambo hugeuka. Jaribio la karanga lililochapishwa mwaka 2012 kutoka India lilionyesha kwamba mbegu zilizotiwa oksidi ya zinki ya nanomita 25, kwa miligramu 1,000 kwa lita, ziliota vizuri na kutoa mizizi yenye nguvu. Kwa miligramu 2,000 zilidhurika. Watafiti Lin na Xing, mwaka 2007, walikuta kipimo hicho cha juu kikizuia mahindi kuota. Kwa sababu hiyohiyo majina "mbolea nano" ya kundi moja na "sumu nano" ya kundi jingine yote ni hukumu zilizotolewa kabla ya kesi kusikilizwa.

Jina ninalolitetea ni kijichembe, wingi vijichembe. Shina lake ni chembe, ile ya chumvi na ya mchanga, ya ngeli ya i-zi. Lisichanganywe na chembe ya ki-vi, ncha ya mshale, ambayo ni ndugu wa jembe na wembe. Mpinzani mmoja mwenye wino mwingi amezichanganya, akatudai tuandike "vyembe vya zinki", na hakuna aliyemkemea. Wengine wanasema kiji- ni kiambishi cha dharau. Wangesema kweli kama Kiswahili kisingekuwa na vijidudu. Katika eneo la Nundu, linaloujua vizuri ugonjwa wa kipindupindu, hakuna anayesikia dharau katika vijidudu. Husikia kitu kisichoonekana kwa macho, kinachohesabika, na chenye nguvu kuliko umbo lake. Hiyo ndiyo maana tunayoitafuta, na lugha ilikwisha kuitengenezea njia bila kamati.

Hoja ya wapinzani iliyo nzito zaidi ni kwamba nano ni neno la dunia nzima. Ni kweli, na katika nanomita libaki, kwani tangu 1960 ni kiambishi rasmi cha vipimo, sehemu moja ya bilioni. Lakini asili yake ni neno la Kigiriki la mtu mfupi kupindukia, na aliyependekeza tulifasiri kwa "chembe mbilikimo" hakufikiri kwamba Batwa, wanaobandikwa jina hilo, ni jirani zetu na wana masikio. Likiachwa pekee baada ya nomino, "chembe nano" husikika "chembe nane". Kuhusu oksidi sina ugomvi, ila na wale wanaotulazimisha "oksaidi": sisi tuliofundishwa kemia kwa Kifaransa tunalisikia neno karibu na lilivyoundwa na Guyton de Morveau na Lavoisier mwaka 1787. Mzizi wake, ulio pia katika oksijeni, Lavoisier aliuchota katika neno la Kigiriki lenye maana ya ukali wa asidi, akiamini kila asidi ina oksijeni. Mwaka 1810 mwanakemia Davy alionyesha kwamba sivyo, na jina likabaki. Wanaodai istilahi iwe na ukweli mtupu tangu mzizi wamtazame Lavoisier.

Kwenye kopo basi iandikwe: vijichembe vya oksidi ya zinki, nm 25, mg 1,000 kwa lita ya maji, kwa kulowekea mbegu za karanga, usizidishe.