Miaka 65 ya Sheria Mlimani: Falsafa Iliachwa Wapi?

Oktoba 2026 inatimia miaka 65 tangu Kitivo cha Sheria cha Mlimani, yaani cha chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kifunguliwe katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi wasiofika 20. Mwaka huohuo wa 1961, Oxford ilichapisha The Concept of Law, kitabu cha H.L.A. Hart ambacho hadi leo msomi wa falsafa ya sheria hawezi kukikwepa. Aliyeyaunganisha matukio hayo mawili ni William Twining, mtoto wa Gavana Edward Twining aliyeitawala Tanganyika kuanzia 1949 hadi 1958. Alimsikiliza Hart akifundisha Oxford, kisha akawa miongoni mwa walimu wa mwanzo wa kitivo kipya. Falsafa ya sheria, basi, ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Tumeiacha ipungue hadi ikabaki kozi ndani ya LLB, na vyuo vyetu vinapaswa kuirudishia hadhi kwa shahada ya uzamili inayounganisha sheria na falsafa.

Hart mwenyewe hakuwa na shahada ya sheria. Alisoma maandishi na falsafa ya Wayunani na Warumi, akafaulu mitihani ya uwakili, akashughulikia kesi za amana, mali za familia na kodi jijini London kwa miaka minane, kisha akarudi Oxford kufundisha falsafa. Mwaka 1952 akapewa uprofesa wa falsafa ya sheria. Aprili 1957 alitoa mhadhara Harvard, na inasimuliwa kwamba Lon Fuller, profesa wa sheria wa hapo, alikuwa akienda na kurudi nyuma ya ukumbi kama simba mwenye njaa, kisha akadai nafasi ya kujibu. Moja ya mambo waliyogombania ilikuwa kesi ya kweli. Mwaka 1944 mwanamke wa Kijerumani aliyetaka kumwondoa mumewe, askari aliyekuwa likizoni, alimchongea kwa wakuu kwamba amemtukana Hitler. Mume akahukumiwa kifo, ingawa hakuuawa, alirudishwa vitani. Mwaka 1949 mwanamke akafikishwa mahakamani, akajitetea kwamba sheria za wakati ule zilimruhusu. Kwa Hart, sheria ovu ni sheria bado, hata kama haistahili kutiiwa. Wanaotaka kumwadhibu watunge sheria inayorudi nyuma, na wakiri waziwazi gharama yake. Fuller alishikilia kwamba utawala unaoficha sheria zake na kuzipindisha utakavyo umekwisha kuipoteza sifa ya kuwa na sheria. Hoja zote mbili zilichapishwa 1958, na zimewalea wasomi wengi hadi leo. Mwanasheria asiyejua falsafa angeishia kwenye vifungu. Mwanafalsafa asiyejua sheria asingeona jinsi vifungu hivyo vinavyomfunga hakimu.

Atakayesema huu ni ugomvi wa Wazungu aisome historia yetu. Mwaka 1962 Tanganyika huru ilitunga sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi, na swali la Fuller, utawala unapoteza lini sifa ya kuwa na sheria, likawa letu. Baada ya Azimio la Arusha, Mlimani walijaribu njia yao wenyewe: sheria ikasomwa pamoja na historia na uchumi wa siasa, na Issa Shivji ni tunda la enzi hiyo. Njia hiyo ilituzoesha kuuliza sheria inamtumikia nani, swali kubwa na la haki. Kwa nini sheria imfunge hakimu ambaye dhamiri yake inaikataa, hilo halikupewa uzito uleule. Lilirudi mwaka 1994, pale Jaji James Mwalusanya alipoamua katika kesi ya Mbushuu kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha utu, lakini ikasema inaokolewa na Ibara ya 30(2) ya Katiba, inayoruhusu haki kuwekewa mipaka kwa manufaa ya umma. Adhabu inawezaje kuvunja utu na bado ikawa halali? Jibu halimo katika vifungu peke yake.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama: kesi zimerundikana, wahitimu hawana ajira, na falsafa haimlipii mtu kodi ya nyumba. Ni kweli, na ndiyo maana shahada hii si ya kila mwanafunzi. Lakini majaji wa Mahakama ya Rufani ni wachache, na hukumu yao moja huzifunga mahakama zote za chini. Wachache waliofunzwa vizuri wanatosha kubadili mambo. Marekani vipo vyuo vinavyomruhusu mtu kusomea shahada ya sheria pamoja na uzamivu wa falsafa. Mlimani kwenyewe Shule ya Sheria na idara ya falsafa zipo tayari, kila moja katika uongozi wake. Seneti ya chuo izikutanishe kabla maadhimisho hayajapita, na somo la kwanza liwe hukumu ya Mbushuu.