Mke Aliyekataa Kusema

Jirani yetu wa chumba cha pili alipoulizwa na polisi nani kampasua mdomo, alijibu: "Nimeteleza uani." Wapangaji wote tulijua. Nilimkasirikia mpaka siku niliposoma kesi ya Hoskyn.

Bwana huyo, huko Uingereza, alishtakiwa kwa kumchoma kisu mwanamke. Siku chache tu kabla ya kesi, mwanamke yule yule akafunga naye ndoa! Mbele ya jaji hakutaka kusema. Akalazimishwa, kwa kufuata uamuzi wa zamani, na Hoskyn akatiwa hatiani. Mwaka 1978 Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa kule, likaitengua hukumu: mke anaweza kumtolea mumewe ushahidi, ila halazimishwi. Majaji wanne kwa mmoja. Huyo mmoja, Lord Edmund-Davies, alishikilia kwamba makosa mazito namna hiyo hayawezi kutegemea tu kama aliyeumizwa yuko radhi kusema. Bunge likaja kumfuata yeye: sheria ya 1984 ikaruhusu mke aliyepigwa alazimishwe.

Tanzania nayo, Sheria ya Ushahidi ya 1967 humlazimisha. Sawa. Lakini jirani yangu akishasema, jioni anarudi wapi? Kodi ya chumba analipa mume.

Naegemea kwa Edmund-Davies, ila shingo upande. Maana usiku ule nilisikia kila kitu ukutani, na polisi waliponigeukia mimi, nilisema nilikuwa nimelala.