Were ya Kiingereza si "aende" ya Kiswahili

Mwaka 2008 Beyoncé alitoa wimbo uitwao "If I Were a Boy". Miaka 21 kabla yake, Prince alikuwa ametoa wake, "If I Was Your Girlfriend". Kila mmoja anajivika asichokuwa: mwanamke anakuwa mvulana, mwanamume anakuwa msichana. Mmoja katumia were, mwingine was, na wazungumzaji wa Kiingereza huwaelewa wote wawili. Mwalimu wa sarufi, lakini, atampigia Prince kalamu nyekundu.

Were inayokaa na nafsi ya umoja namna hii ndiyo sabjanktivu ya jadi, ambayo kwa Kiswahili huitwa hali tegemezi. Kiingereza cha kale kilikuwa na maumbo yake ya hali hii katika vitenzi vingi. Yakamomonyoka karne kwa karne, na kwa mambo ya kudhania tu ikasalia hii were ya I, he, she na it.

Jina la Kiswahili ndilo linalopotosha. Mtu akisikia hali tegemezi huwaza aende, asome, wapike. Kiingereza nacho kina ya aina hiyo: "I suggest that he go" ni "napendekeza aende", wala hapo hapana ugomvi. Ila "If I were you, I would go" ni "ningekuwa wewe, ningeenda". Irabu -e ya kuomba na kuagiza haipo, ipo -nge-, tena pande zote mbili. Ndipo mwanafunzi anapoteleza na kuandika "If I would be you". Kiingereza huweka would upande wa matokeo tu. Upande wa sharti hutaka were.

Kwenye milinganisho mambo hugeuka. "He talks as if he were the landlord" husemwa juu ya mpangaji anayejitutumua. Kwa Kiswahili: "Anaongea kana kwamba yeye ndiye mwenye nyumba." Hakuna -nge-, kana kwamba imeshabeba kejeli yote. Ukiweka is badala ya were, msikilizaji wa Kiingereza anaweza kudhani huenda nyumba ni yake kweli.

Na si kila if hudai were. "If he was at home yesterday, he heard the noise" ni "kama alikuwa nyumbani jana, alisikia kelele": msemaji hajui, na huenda jamaa alikuwapo. Wanaojitia usahihi huchomeka were hata hapa. Kiswahili kinawapa kipimo: panapokubali ningekuwa au angekuwa, andika were, panapokubali kama alikuwa, andika was.

Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika sarufi yao ya Cambridge ya mwaka 2002, waliitoa were hii kwenye kundi la sabjanktivu na kuihesabu umbo la yasiyo halisi. Vitabu vya Kiswahili navyo vifanye hivyo: hali tegemezi ibaki kwa -e, were iitwe hali dhahania, hata kama nomino dhahania zimelitangulia jina hilo.