Mlango wa Shule na Mfuko wa Maskini

Msomaji kijana, uketipo darasani asubuhi, waweza kufikiri kwamba dawati lako lilikuwapo siku zote likikungoja. Sivyo. Lina historia yake, na historia hiyo imejaa jasho la watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Wazee wetu husema kwamba elimu ni mali. Neno hili ni la kweli, lakini ndani yake mna swali zito: ikiwa elimu ni mali, nayo hununuliwa kwa mali, je, maskini ataanzia wapi? Nifuate, tuone jinsi watu wa Kenya walivyojaribu kulijibu swali hilo.

Katika utawala wa Waingereza shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, na za Waafrika mbali. Nyingi za Waafrika zilikuwa mikononi mwa wamishenari, na msaada wa Serikali ulikuwa mdogo. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ya Marekani ilizuru Afrika ya Mashariki, ikashauri kwamba Mwafrika afundishwe hasa kilimo, afya na kazi za mikono. Ushauri huo haukukosa busara, maana mkulima hana budi kuujua udongo wake. Lakini wazazi wengi waliuliza: mbona mtoto wa Mzungu afundishwa kusimamia shamba, na wetu afundishwa kulilima tu? Waliona kwamba elimu ya namna hiyo haimtoi mtu katika umaskini, bali humzoeza kuuvumilia.

Ndipo baadhi yao walipoamua kujenga zao wenyewe. Mwaka 1929, katika nchi ya Wakikuyu, palizuka ugomvi mkubwa baina ya wamishenari na wananchi juu ya tohara ya wasichana, desturi ambayo leo sheria yetu yaikataza. Wazazi wengi waliwatoa watoto wao katika shule za misheni, wakaanzisha shule za kujitegemea. Mwaka 1939 kikafunguliwa chuo cha walimu huko Githunguri. Mwanzilishi wake alikuwa Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Marekani na Uingereza, na baadaye Jomo Kenyatta akawa mkuu wake. Fedha zilitoka wapi? Hazikutoka kwa tajiri. Watu walichanga kwa marika yao, huyu shilingi, yule mbuzi. Mwaka 1952 ilipotangazwa hali ya hatari, chuo kilifungwa, na mahali pale pakageuzwa kuwa pa kunyongea watu. Tafakari jambo hilo, msomaji: nyumba iliyojengwa ili watu wajue kusoma ikawa nyumba ya kitanzi!

Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963, nchi nzima ilikuwa na shule za sekondari 151 tu. Serikali mpya ilitaja maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Lakini hazina yake ilikuwa nyembamba, na wazazi hawakutaka kungoja. Wakaitikia mwito wa Harambee. Akina mama walibeba mawe, mchanga na maji kwa migongo yao. Mwenye kuku aliuza kuku, asiye na kitu alitoa nguvu zake. Haikupita miaka kumi, shule za sekondari zisizosaidiwa na Serikali zikawa nyingi kuliko zile zilizosaidiwa.

Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini haifai tusifu tu bila kupima. Harambee hujenga kwa kadiri ya mfuko wa wenyeji. Palipokuwa na kahawa na chai, kuta zilipanda upesi. Katika nchi kavu za kaskazini, ambako ukame waweza kumaliza mifugo ya mtu kwa msimu mmoja, mchango ungetoka wapi? Hata palipokuwa na shule, karo ilisimama mlangoni kama bawabu. Basi waliohitaji elimu zaidi ndio walioipata kidogo zaidi.

Serikali ilijaribu kumwondoa bawabu huyo. Mwaka 1974 iliondoa karo katika madarasa manne ya kwanza, na watoto wakafurika. Lakini madarasa hayakutosha. Wazazi wakatozwa fedha za majengo, na wengi walioingia kwa furaha wakatoka kwa huzuni. Ilikuwa mwaka 2003 karo ya shule za msingi ilipoondolewa tena nchini kote, na wanafunzi wakaongezeka kwa zaidi ya milioni moja. Mwaka uliofuata, huko Eldoret, mzee Kimani Maruge, aliyepata kupigania uhuru, alivaa sare na soksi ndefu akaingia darasa la kwanza, akiwa na umri wa miaka 84. Mlango ulikuwa umefungwa kwake tangu utotoni. Siku ulipofunguka, hakuona haya kuupita.

Huenda utauliza: kusoma kwaondoaje umaskini? Mtazame mkulima apelekaye mavuno yake kwenye chama cha ushirika. Asiyejua hesabu hupokea apewacho. Ajuaye huusoma mzani, huilinganisha stakabadhi, na akipunjwa husema. Mtazame mama asomaye kipimo cha dawa ya mtoto wake mwenyewe. Faida hizi si za mtu mmoja. Katika kijiji chenye wasomaji wengi, ni vigumu mwerevu mmoja kuwala wengine wote.

Basi historia yatufundisha mambo mawili. Kwanza, maskini hakosi moyo wa kutoa. Githunguri na Harambee ni mashahidi. Pili, moyo peke yake hautoshi: hazina ya wote haina budi kumfikia mtoto ambaye kijiji chake hakina cha kuchanga, na kumfikia kwa mwalimu na kitabu, wala si kwa mlango mtupu. Nawe utakapokuwa mzazi, diwani au waziri, usisahau dawati ulilokalia. Waliolilipia hawakupata kulikalia.