Mjomba Aitwapo Baba: Ukoo Mmoja kati ya Kilakala na Maskati

Utangulizi

Katika semina zetu za fasihi, mada ya Waswahili na Uarabuni ikiguswa tu, mjadala haukawii kupasuka pande mbili. Kundi moja huja na majahazi, karafuu na halua, likaona undugu mtupu. Kundi la pili huja na minyororo, mashamba na Mapinduzi ya 1964, likaona bwana na mtwana, basi. Mimi nimekaa katika semina hizo kimya. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nililokuwa nalo lilikuwa la nyumbani kwetu Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, na nilidhani la nyumbani si la kuletwa darasani. Makala haya yanakusudia kulileta.

Hoja yangu ni fupi. Historia ya familia za Waswahili huko Ghuba haitoshi kusomwa kwa kuuliza nani alitoka wapi na alikuwa wa tabaka gani. Sharti tuulize pia nani alimwita nani kwa jina gani, ndani ya nyumba, katika siku za kawaida. Sisi wanafunzi wa fasihi ndio tunaojigamba kwamba tunajua kusoma maneno. Basi tuyasome na haya.

Njia ya Kwenda Maskati

Uhusiano wenyewe ni mkongwe. Seyyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Alipofariki mwaka 1856 wanawe waligombania urithi, na mwaka 1861 Waingereza wakaamua dola igawanywe, Unguja iwe inailipa Maskati riale 40,000 kila mwaka. Hayo ni ya wakubwa, na yamo vitabuni. Lakini Waarabu wa Oman waliokuja huku si masultani tu. Walikuwapo pia Wamanga wa kawaida, wenye viduka vya chumvi, mafuta ya taa, viberiti na kanga, waliosambaa bara hadi vijijini. Reli ilipofika Morogoro mwaka 1907, biashara ya namna hiyo ilipata njia.

Mmoja wa wenye viduka hao, miaka mingi baadaye, alimwoa mdogo wake bibi yangu mzaa mama. Huyo ndiye tunayemwita bibi mdogo. Alikuwa binti wa wakulima wa Kiluguru. Alimenya ndizi na kubeba kuni kama wenzake wote. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alizaliwa Kilakala mwaka 1972.

Wakati huo huo mambo yalikuwa yakibadilika ng'ambo. Tarehe 23 Julai 1970 Sultan Qaboos alimpindua baba yake, Said bin Taimur. Nchi aliyoirithi ilikuwa na shule tatu tu za kisasa, na malango ya mji wa Maskati yalikuwa yakifungwa usiku. Aliyetembea baada ya hapo alitakiwa abebe taa. Mafuta yalikuwa yameanza kuuzwa nje mwaka 1967, kwa hiyo fedha ilikuwapo ila watu wenye elimu hawakutosha. Mlango ukafunguliwa kwa wenye asili ya Oman waliokuwa Afrika Mashariki. Walikuja waliokimbia Unguja mwaka 1964, wengine wakiwa wameshapitia Dubai, Kuwait au Cairo. Walikuja pia wa Tanganyika, Kenya, Burundi na Kongo. Wengi walijua Kiswahili na Kiingereza kuliko Kiarabu, na hicho Kiingereza ndicho kilichowapatia kazi maofisini, mashuleni na mahospitalini. Wenyeji waliwaita Wazinjibari, hata yule ambaye Unguja hajapata kuiona!

Mume wa bibi mdogo hakuwa na Kiingereza. Alikuwa na duka, na mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, ambapo maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili yachukuliwe na maduka ya ujamaa. Mwaka 1977 familia ikaondoka. Bibi anasema mdogo wake alifungasha kinu. Akaambiwa kinu hakipandi ndege. Akakiacha kwetu, na kipo mpaka leo.

Kanda Saba

Kati ya mwaka 1978 na 1993 bibi mdogo alituma kanda saba za kaseti. Hakuwa mtu wa kuandika barua. Kusoma kwenyewe alikusoma kidogo sana. Alikuwa anakaa na redio-kaseti yake, anabonyeza, anaongea, kisha anampa kanda msafiri anayekuja Tanzania. Bibi huzihifadhi katika kopo la maziwa ya unga. Nimezisikiliza zote, baadhi mara nyingi. Nazihesabu kuwa matini kamili ya fasihi simulizi, na nasikitika kwamba watu wanafikiri historia ya Maskati kwa Kiswahili inaanza na kuishia kwa wenye vyeo.

Kuna nini humo? Kuna maisha. Anasimulia nyumba yao ya Ruwi na joto linalokuzuia kutoka nje mchana. Anasimulia majirani wa Kizanzibari wanaocheka Kiswahili chake cha bara, naye anawajibu kwamba cha kwake kimepanda mlima ndiyo maana kina pumzi fupi. Kiarabu hajui, sokoni Matrah anaonyesha kwa kidole. Nazi zinatoka Salala, nzuri, lakini anasema tui lake halimfurahishi. Wiki inaishia Alhamisi na Ijumaa, kama ilivyokuwa Oman hadi mwaka 2013, na Alhamisi wanakwenda pwani ya Sib na sufuria la pilau, kanga zikiwa chini ya mabuibui. Usiku wanawake hukusanyika kusikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, na mwenye habari ya nyumbani huitoa.

Katika kanda ya 1983 anaomba atumiwe pilipili manga ya milimani kwetu. Jina lenyewe linasema pilipili hii ni ya Manga, yaani ya Uarabuni. Kumbe yeye akiwa huko huko Manga anaiagiza kutoka Uluguru! Bibi alimtumia kilo mbili.

Mtoto wa kiume naye yumo. Mwaka 1978, akiwa na miaka sita, anaimba na kumtukana mbuzi wa jirani kwa Kiluguru safi. Mwaka 1985 Kiswahili chake kimechanganyika na Kiarabu, na mama yake anasikika akimsukuma: "Sema shikamoo mama mkubwa." Anasema. Mwaka 1991 anasema shikamoo bila kusukumwa, halafu hana la kuongeza.

Sasa naomba msomaji aishike kanda hiyo ya 1985. Katikati ya maongezi kuna sauti ya kike inaita kwa mbali, "Mama! Mama!", kwa lafudhi ambayo si ya Kiswahili wala si ya Kiarabu. Bibi mdogo anajibu kwa Kiarabu cha kuvunjika, kisha anaendelea na habari za mchele. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza bibi huyo ni nani. Bibi alisema, "Si mwanawe huyo." Nikaridhika.

Neno "Baba"

Waluguru, kama wengi mnavyojua, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa lukolo la mama yake, na ardhi ya ukoo hupitia huko huko. Kwa hiyo mjomba kwetu si mgeni wa sikukuu. Ndiye mlezi na msemaji, na ndiye mwenye kuulizwa mtoto wa dada yake akidhurika. Kwa hesabu hiyo yule mtoto wa kanda ni mjomba wetu halisi, wa lukolo letu. Oman nako wanamhesabu kwa baba yake, raia kamili. Amebahatika: pande mbili zinamdai, hakuna inayomkataa.

Bibi mdogo alifariki mwaka 2009 na akazikwa huko. Mwaka 2016 mjomba alipiga simu akasema anahitaji binti wa kumsaidia mkewe, na heri awe wa nyumbani kuliko wa kuokota. Dada yangu akaenda. Hapa Kilakala tulisema, "Amekwenda kwa mjomba wake." Katika karatasi alikuwa mtumishi wa ndani, kwa riyali 70 kwa mwezi, na viza yake ilifungwa kwa mjomba akiwa mdhamini. Watumishi wa ndani hawakuwamo katika sheria ya kazi ya Oman ya mwaka 2003, na shirika la Human Rights Watch lilitoa mwaka 2017 ripoti nzima juu ya wanawake wa Tanzania katika kazi hizo Oman na Falme za Kiarabu. Mambo yaliyomo ni mazito. Sitaki kuyabandika kwa mjomba. Dada hakupigwa, hakulala njaa. Pasipoti yake ilikaa kabatini kwa mjomba, "isije ikapotea". Mshahara ulikuja, na sare na madaftari yangu ya kidato cha kwanza na cha pili vilitoka humo. Kwa hiyo naandika nikiwa nimeshakula.

Dada alikuwa akituma ujumbe wa sauti siku za Ijumaa. Siku moja mwaka 2017 tulikuwa tumekaa barazani na bibi, tukimsikiliza. Katikati ya salamu akakatishwa na mtu, akaitika haraka, "Naam, baba. Nakuja, baba." Kisha ujumbe ukaisha.

Bibi akauliza, "Huyo baba ni nani?"

Mama akasema labda ni mgeni. Bibi akasema, "Sauti ile naijua. Ile ni ya mtoto wa mdogo wangu. Tangu lini mjomba akawa baba?"

Dada alipotufafanulia baadaye, alisema kwa wepesi kabisa. Huko watumishi wote humwita mwenye nyumba baba, na mkewe mama. Mke wa mjomba aliona si vizuri mbele ya wageni mtumishi amwite mumewe mjomba. Watu watauliza undugu umetoka wapi. Mwanzoni ilikuwa mbele ya wageni tu. Baadaye ikawa siku zote.

Usiku ule nilirudi kwenye kanda ya 1985. "Mama! Mama!" Nikaelewa nilichokuwa nimekisikia utoto wangu wote. Hakuwa mwanawe. Alikuwa msichana wa kazi, wa Asia nadhani, akimwita binti wa mkulima wa Uluguru kwa neno lile lile. Bibi mdogo naye alishakuwa "mama" wa namna hiyo, miaka minane tu baada ya kuacha kinu.

Tunajifunza Nini?

Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) Adam Shafi anatuonyesha Kijakazi, mtumishi anayempenda bwana wake bila kujua anavyonyonywa. Uhakiki wetu wa kitabaka unamfaa sana Kijakazi, kwa kuwa mpaka kati yake na bwana umechorwa waziwazi kwa mali na asili. Tippu Tip alitusimulia maisha yake kwa Kiswahili, lakini ni maisha ya safari, pembe na vita. Nyumbani anapita tu. Sayyida Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anaingia ndani kweli, ila anatazama kutoka upande wa kasri la baba yake. Jokha Alharthi wa Oman, katika riwaya yake ya mwaka 2010 ambayo tafsiri yake ya Kiingereza ilipata tuzo ya Booker ya kimataifa mwaka 2019, amempa mtumwa Zarifa nafasi kubwa ndani ya familia ya mabwana. Huyo ndiye aliyekaribia ninachokitafuta.

Ninachokitafuta ni mpaka unaopita katikati ya lukolo moja. Semina yetu ingemweka dada upande gani? Kundi la undugu lingesema alikuwa kwa mjomba wake, na ni kweli. Kundi la tabaka lingesema alikuwa kibarua kwa tajiri wake, na ni kweli pia. Neno "baba" ndilo lililobeba kweli zote mbili kwa pamoja. Neno ambalo kwetu ni la karibu kabisa lilitumika huko kumweka mtu mbali, na lile la "mjomba", lenye haki na wajibu ndani yake, likafichwa kabatini pamoja na pasipoti.

Hitimisho

Dada alirudi mwaka 2018. Mwaka 2019 mjomba akatuma ujumbe kwamba angependa apatiwe sehemu katika shamba la ukoo, ajenge nyumba ya uzeeni. Wazee wakakaa. Kwa mila ana haki, hakuna ubishi. Dada aliulizwa kama ana neno, akasema hana. Mimi nilikuwa nalo, ila sikuulizwa.

Bibi ndiye aliyefunga kikao. Alisema, "Ni mtoto wa mdogo wangu, apewe. Lakini asitume simu. Aje mwenyewe, na huyu binti atampokea, na hapa ataitwa mjomba."

Mpaka naandika haya hajaja. Kipande chake kimepimwa, na bibi amepanda migomba ili kisiote magugu.

Wenzangu, makopo ya namna ile yamo katika nyumba nyingi, Tanga, Kigoma, Mombasa, Unguja. Kanda huota ukungu na wenye sauti hufa. Kabla hatujaingia tena katika semina kugombania majahazi na minyororo, tukaombe tuzisikilize, na tusikilize hasa sauti za mbali zinazoita katikati ya habari za mchele.